Pampu Haizibi Tundu

Methali ya ufa na ukuta twaijua sote tangu darasa la kwanza, na kila mkuu wa karakana huisema siku ya mkutano. Lakini methali ile ina upungufu mmoja: yamwambia mtu azibe ufa, wala haimwambii autafute wapi. Kwa nyumba ya udongo jambo hilo si kitu, maana ufa uko mbele ya macho. Kwa chombo cha majini chenye injini, ufa hujificha chini ya sakafu, nyuma ya mitambo, mahali pasipofika taa wala mkono, na kinachoonekana ni maji meusi tu yaliyokwisha kukusanyika katika ngama. Hapo ndipo kazi ianzapo, na hapo ndipo wengi huikimbia kwa kuwasha pampu.

Leo twataka kuzungumza na ndugu zetu wa karakana, mabaharia, na wote wapatao riziki yao kwa vyombo vya majini, juu ya chombo ambacho ngama yake ina mashaka kupita nyingi: boti ya jeti. Chombo hiki hakina rafadha ya nje wala usukani wa kawaida. Chini yake, karibu na tezi, pana tundu kubwa lililokatwa kwa makusudi na kufunikwa kwa fito za chuma. Maji huvutwa kupitia tundu hilo, hupita katika bomba ambalo ndani yake gurudumu lenye mapanga huzungushwa na injini, kisha hutupwa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Maji yakirushwa nyuma, boti huenda mbele. Mdomo ukigeuzwa kushoto au kulia, boti hugeuka. Dereva akitaka kurudi kinyumenyume, hushusha kifuniko nyuma ya mdomo ule, na maji yakagonga kifuniko yakaelekezwa mbele.

Aliyeufanya mtambo huu ufae kwa kazi ni mfugaji na mhandisi wa Nyuzilandi, Bill Hamilton, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1978. Shamba lake la kondoo, Irishman Creek, lilikuwa katika kisiwa cha kusini cha nchi hiyo, ambako mito hushuka kutoka milimani ikiwa mipana, ya kasi, na yenye kina kifupi juu ya changarawe. Rafadha katika mito kama hiyo haina maisha. Katika miaka ya 1950 Hamilton alianza na mfano wa mtambo wa Kimarekani, ambao mdomo wake ulitupa maji chini ya boti. Haukwenda vizuri, hata ulipotengenezwa upya. Ndipo mfanyakazi wake mmoja aliposhauri kwamba mdomo ule uinuliwe uwe juu kidogo ya usawa wa maji. Ukainuliwa, na mambo yakageuka. Twaitaja habari hii makusudi, kwa kuwa dunia imezoea kumtaja mwenye karakana na kumsahau aliyeshika spana. Hamilton mwenyewe, kusema haki, hakujidai kuwa mvumbuzi. Alikuwa akisema sifa hizo zampasa Archimedes, yule mtaalamu wa Wayunani wa kale.

Tangu hapo boti za jeti zimefika mbali. Mwaka 1960 zilipanda Mto Colorado huko Marekani kupitia Grand Canyon, kinyume cha mkondo. Mwaka 1974 na 1975 zilikuwamo katika msafara wa Blashford-Snell katika mto Kongo, ambao wakati ule uliitwa Zaire. Na mwaka 1977 Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alipanda nazo Mto Ganges kutoka baharini kuelekea milima ya Himalaya.

Yatupasa kusema wazi kwa nini habari ya ngama ya chombo hiki si ya mafundi peke yao. Boti yenye usukani wa kawaida ikizimika injini, usukani ule bado hufanya kazi kidogo maadamu chombo chaendelea kwenda. Boti ya jeti ikizimika haina usukani kabisa, maana kinachoigeuza ni yale maji yanayorushwa. Maji yakikoma, dereva ameshika gurudumu la bure. Fikiri jambo hilo katika korongo, mwamba kushoto na mwamba kulia, na abiria kumi wamekaa kwa imani. Na kinachozima injini mara nyingi hakitoki mbali. Ni maji ya ngama yaliyopanda hata yakafikia gurudumu zito la injini, likayarusha juu ya nyaya za umeme. Au ni oili iliyopungua pole pole kwa siku ishirini bila mtu kuchomoa kijiti na kuangalia.

Tena maji ni mzigo. Lita moja ni kilo moja. Lita 150 chini ya sakafu ni sawa na watu wawili wasiolipa nauli, na watu hao hawakai mahali pamoja. Boti inapoinua omo ili ipande juu ya maji, lita zile zote hukimbilia tezi na kuizamisha zaidi. Dereva akipunguza moto ghafula, hurudi mbele kwa kishindo. Abiria haoni lolote. Huhisi tu kwamba leo boti ni nzito.

Neno ngama si geni kwetu. Mabaharia wa majahazi walilijua kabla ya injini kuja, na kazi ya kufua maji kwa upo ilikuwa ya vijana wa chomboni, usiku na mchana. Chombo cha mbao huvuja kidogo siku zote. Mbao zikikauka hupungua, zikilowa huvimba na kujifunga. Ndiyo maana kukawa na kalafati ya pamba katikati ya mbao, na deheni ya shahamu na chokaa kwa nje. Hata Nuhu aliagizwa aipake safina yake lami ndani na nje, na wala haisemwi kwamba alipewa pampu. Nahodha wa jahazi alijua chombo chake hutoa maji kadiri gani kwa siku, na ukizidi upo kumi juu ya kawaida aliuliza sababu. Boti ya aluminiamu haina haki ya kuvuja hata kikombe. Hapo pana tofauti ambayo baadhi yetu hatujaitambua: tumerithi uvumilivu wa chombo cha mbao, tukaupeleka katika chombo cha chuma.

Haki moja tu twaikubali. Mitambo ya jeti ya zamani ilifungwa shafti kwa kamba zilizobanwa kuizunguka, na kamba hizo hutakiwa zidondoshe matone machache shafti inapozunguka, ili zipoe. Akizikaza mtu hata zikakauka kabisa, ataunguza kamba na kuikwangua shafti. Mitambo mingi ya siku hizi ina sili ya nyuso mbili ngumu zinazosuguana, na hiyo yatakiwa iwe kavu.

Sasa tuitazame pampu yenyewe. Siku hizi pampu ya ngama huwa na kiboya: maji yakipanda, hujiwasha, yakishuka, hujizima. Ni kifaa kizuri, na chombo kisicho nayo kisiondoke gatini. Lakini ubaya wake ni kwamba yanyamazisha habari. Chombo chaweza kuvuja mwezi mzima, pampu ikafanya kazi gizani, dereva akafika asubuhi akakuta ngama iko karibu kukauka, akaandika katika daftari kwamba hali ni njema. Siku betri inapoisha nguvu, chombo hukutwa kimekaa chini ya maji gatini, na watu husema ni mkosi.

Hesabu yake ni hii. Tone moja kwa kila sekunde laonekana si kitu. Matone ishirini hivi hufanya mililita moja. Basi kwa saa moja ni mililita 180, na kwa mchana na usiku ni zaidi ya lita nne. Hilo ni tone. Bomba la mpira likichomoka na kuacha tundu la upana wa milimita 25, sentimita 30 chini ya usawa wa maji, maji huingia kadiri ya lita 40 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 2,000 kwa saa. Uwezo ulioandikwa kwenye kasha la pampu ndogo hupimwa pasipo kuinua maji. Ikipaswa kuyapandisha kupitia mpira wenye mikunjo, kwa betri iliyochoka, hutoa pungufu sana.

Na pampu haichagui. Yatupa maji, na pamoja nayo oili. Lita moja ya oili ikitandazwa juu ya maji kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hufunika mita za mraba 1,000. Huo ndio utando wa rangi za upinde wa mvua tunaouona gatini, na chini yake wako samaki, na karibu yake mama anateka maji. Kwa meli kubwa, za tani 400 na zaidi, mkataba wa kimataifa wa MARPOL huruhusu maji ya ngama yatupwe baharini ikiwa tu oili iliyomo haizidi sehemu 15 katika milioni. Boti ndogo haipimwi hivyo, lakini samaki hajui ukubwa wa chombo. Wako na wale wenye werevu wa kumwaga sabuni katika ngama ili utando usionekane. Sabuni haiondoi oili. Yaivunja vipande vidogo vikazama na kusambaa, na Marekani tendo hilo ni kosa la sheria kama lile la kumwaga oili yenyewe. Dawa yake ni vitambaa na matakia maalumu yanayofyonza oili na kuyaacha maji.

Kabla fundi hajashika taa kuingia ngamani, liko jambo ambalo twaomba lisomwe mara mbili. Boti nyingi za jeti hutumia petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu ukapotea, bali hutiririka chini na kukaa katika ngama kama maji yasiyoonekana. Hewa yenye mvuke kadiri ya asilimia moja na nusu tu yatosha kulipuka kwa cheche. Kwa hiyo pua hutangulia. Pakinuka petroli, usiwashe swichi wala taa wala pampu. Fungua vifuniko vyote, watu washuke, na chombo kipate upepo. Boti zenye feni ya kutolea hewa ngamani, feni hiyo iachwe izunguke dakika nne kwanza, ndipo injini iwashwe. Tena kuna tamaa ya kununua jenereta au stata ya motokaa kwa kuwa ni rahisi na yaingia pale pale. Yaingia, ni kweli. Lakini ile ya boti imefungwa ndani ili cheche zake zisitoke nje, na ile ya motokaa haikufungwa. Mwenye kuidhinisha ununuzi huo ili kuokoa fedha kidogo ya ofisi ajue ameokoa nini.

Basi kazi ianze. Kosa la kwanza la watu wengi ni kutafuta uvujaji katika uchafu. Ngama yenye matope, oili ya mwaka jana, na matambara yaliyosahauliwa haiwezi kutoa ushahidi wowote. Hapana budi ioshwe, ikaushwe, na injini isuguliwe tangu juu hadi chini hata chuma kionekane. Kazi hii ni chafu, na kwa kawaida hupewa mdogo kuliko wote. Twashauri vingine: afanye pamoja naye yule mkubwa. Mikono inayosugua hugusa kila bolti, na bolti iliyolegea hujulikana kwa mkono kabla ya jicho.

Siri ya kazi yote ni kuyatenganisha mambo. Chombo kikiwa mtoni, kinakwenda kasi, na abiria wamelowa, sababu kumi za maji huwa pamoja na hakuna awezaye kuzitambua. Kila sababu yapasa ipewe zamu yake. Jaribio la kwanza hufanywa nchi kavu, boti ikiwa juu ya gari lake. Badala ya kungoja maji yaingie, yatie wewe ndani, ukiwa umefunga kizibo cha tezi, kisha pita nje ukitazama chini. Aluminiamu ikiwa imepasuka penye mshono wa kulehemu, au ribiti imelegea kwa kugonga mawe, tone litatokea nje. Mstari wa chaki ukichorwa kandokando ya mshono, hugeuka rangi mahali palipolowa hata pasipo na tone. Usijaze kupita kiasi, wala maji yasifike kwenye stata. Gari la kubebea boti halikuundwa kubeba tangi la maji.

Kisha boti ishushwe majini ifungwe gatini, injini imezimwa, na watu wakae nayo saa nzima. Maji yakiingia sasa, kosa si la injini. Watu watazame kizibo chenyewe kwanza, maana ni aibu ngapi zimekwisha kwa kizibo cha shilingi chache. Watazame pale mtambo wa jeti ulipofungwa kwenye sakafu ya boti, na mpira uzungukao mahali mtambo unapopenya ubao wa tezi, na vijiti vya kugeuza mdomo na kushusha kifuniko cha kurudia nyuma, ambavyo navyo hupenya ubao huo huo kwa sili ndogo zinazochakaa upesi kwa mchanga. Mito ya changarawe hula mpira kuliko bahari.

Baada ya hapo injini iwashwe, boti ikiwa bado imefungwa. Hapa fundi aliyezoea boti nyingine awe mwangalifu: mitambo mingi ya jeti imeunganishwa moja kwa moja na injini, haina gia huru, na shafti huzunguka muda wote injini iwapo moto. Boti husimama kwa kuwa kifuniko kimeshushwa nusu, si kwa kuwa shafti imesimama. Mkono wa shati uliolegea hauna mahali katika ngama ile. Mtu asimame mbali na taa yake, atazame.

Shafti inayozunguka ina hisani yake: maji yanayoifikia huyarusha pande zote kwa mstari mmoja, kama tope linavyorushwa na gurudumu la baisikeli. Ukiona mstari wa unyevu umepita ukuta wa kulia, ukaendelea juu ya kifuniko, ukashuka ukuta wa kushoto, fuata mstari ule hadi kwenye shafti. Sili iko hapo hapo. Kama hapana mstari, sababu ni nyingine, na mara nyingi ni mabomba ya kupozea. Boti nyingi za jeti hazina haja ya pampu ya kuvuta maji ya kupoza. Huyachukua penye mgandamizo ndani ya mtambo wa jeti wenyewe. Jambo hili ni la akili sana, lakini lina matokeo yake: injini ikienda polepole mgandamizo ni mdogo na bomba lililochanika halitoi kitu, ikiongezwa moto, mgandamizo hupanda, mpasuko hufunguka, na maji hutoka kama ya mpira wa bustani. Fundi anayejaribu boti gatini tu atasema haivuji, na dereva atasema yavuja, nao watagombana wiki mbili hali wote wawili wasema kweli.

Joto nalo ni shahidi. Maji baridi yatoka mtoni. Maji ya uvuguvugu yamekwisha kupita katika injini, basi watazame mabomba ya moshi na maungio yake. Penye maji pamoja na masizi meusi, na moshi hutoka pia, na moshi huo una hewa ya sumu isiyonuka, iwezayo kuua mtu kimya kimya chini ya turubai. Maji yenye rangi na harufu tamu ni yale ya kupozea yenye dawa. Hayo nayo ni sumu, yasionjwe.

Juu ya pampu ya kupozea, kwa boti zilizo nayo, twaomba nafasi kidogo zaidi, kwa kuwa ujinga hapa huleta hasara kubwa. Pampu zile zinazozungushwa na gia za injini huwa na sili mbili katika shafti moja: moja huzuia maji, nyingine huzuia oili. Kati yao mtengenezaji ameacha kitundu kidogo upande wa chini. Kikidondosha maji, sili ya maji imekwisha. Kikidondosha oili, sili ya oili imekwisha. Wako mafundi ambao wakikiona kinadondosha hudhani ni kasoro, wakakiziba kwa gundi, na sifa wakapewa kwa kukomesha uvujaji. Lakini maji yaliyonyimwa njia ya kutoka hutafuta njia ya kuingia. Hupita sili ya pili, yakaingia katika oili ya injini, na baada ya siku chache kijiti chatoka na kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Ukikiona kitu hicho, injini isiwashwe tena hata mara moja hadi sababu ijulikane. Hilo si tatizo la ngama tena.

Tukija kwenye oili, kanuni ya kwanza ni kwamba oili haidondoki pale inapovujia. Hushuka kwa uzito wake, hurudi nyuma kwa kuwa boti huinua omo, na hupeperushwa na upepo wa mikanda. Kwa hiyo usitazame palipo na oili nyingi. Tazama palipo na oili ya juu kabisa. Oili iliyojaa chini ya sinia la injini mara nyingi imetoka katika gasketi ya kifuniko cha vali, juu kabisa. Injini ikiisha kuoshwa na kukauka, ipulizwe poda, ile ya watoto yatosha, kisha iwashwe robo saa. Oili itachora njia yake nyeusi katika weupe. Wenye uwezo hutia katika oili rangi maalumu ing'aayo chini ya taa ya urujuani. Nasi twapenda zaidi kipande cha karatasi nyeupe ngumu, kikawekwa chini ya kila mahali panaposhukiwa na kuandikwa jina lake kwa penseli. Gharama yake ni sifuri, na hakuna awezaye kubishana na karatasi.

Ziko sababu ambazo hurudi kila mara. Kichujio cha oili kimebadilishwa, na gasketi ya kichujio cha zamani ikabaki imegandamana na injini, kipya kikafungwa juu yake. Gasketi mbili hazikai pamoja, na oili itatoka kwa nguvu. Kipimo cha mgandamizo wa oili, kidude kidogo cha kufungia waya, hupasuka mahali ambapo hakuna anayetazama. Mabomba ya kupeleka oili kwenye kipoza hulegea vibano. Na oili itokayo kwenye tundu la chini la kasha la gurudumu zito huonyesha kwamba sili ya nyuma ya injini imechakaa, kazi ambayo yahitaji injini ichomolewe au mtambo urudishwe nyuma. Hiyo ni gharama ya haki, nayo isiandikwe kabla ya kuhakikisha kwamba oili ile haikuteremka tu kutoka juu.

Lakini kabla ya kununua gasketi hata moja, fundi aangalie bomba la kupumulia la injini. Ndani ya injini hupenya moshi kidogo kupita pistoni, na moshi huo lazima upate pa kutokea. Bomba likiziba kwa masizi, mgandamizo hupanda ndani na kuisukuma oili kupitia kila gasketi na kila sili kwa wakati mmoja. Mtu akibadilisha gasketi ya vali, yatoka kwenye sinia. Akibadilisha ya sinia, yatoka nyuma. Mwisho hulaumiwa duka la vipuri kwa kuuza mali dhaifu, na bomba la kupumulia bado limeziba.

Tusiogope pia kupita kiasi. Kijiko kimoja cha oili juu ya maji ya ngama yenye eneo la mita mbili za mraba hutandaa pote na kutisha. Jicho halipimi. Kijiti cha oili hupima, na kisomwe boti ikiwa sawasawa majini, si juu ya gari lililoinama.

Pana uvujaji mmoja zaidi, wa ajabu, usioacha hata tone. Juu ya njia ya kuvutia maji pana kifuniko cha kuondolea majani na mawe. Kifuniko hicho kikikosa kukaa vema, au mpira wake ukiwa umekatika, boti ikisimama maji huweza kupanda ndani. Lakini mtambo unapovuta kwa nguvu, hasa boti inapoanza kuondoka, hewa ya ngamani hufyonzwa ndani kupitia mwanya ule ule. Mapanga yakishika hewa badala ya maji, injini hulia kwa kasi na boti haiendi. Dereva hudhani injini imechoka, au mapanga yamelika, na kweli mawe yaliyokwama kwenye fito huonyesha dalili hizo hizo. Basi fito zitazamwe kwanza, kisha ukingo wa kifuniko upakwe grisi nzito pande zote na boti ijaribiwe. Ikiondoka vema, ugonjwa umejulikana kwa gharama ya kijiko cha grisi.

Neno letu kwa wasimamizi ni fupi. Katika kila chombo yuko kijana aoshaye ngama. Yeye ndiye ajuaye kwamba Jumatatu maji yalikuwa meusi na Alhamisi yalikuwa meupe, kwamba pampu iliwaka mara tatu kati ya hapa na ng'ambo, kwamba upande wa kushoto hunuka. Katika ofisi nyingi kijana huyo haulizwi, na daftari la chombo lina nafasi ya saa za safari, ya mafuta yaliyotumika na ya fedha iliyokusanywa, halina mstari wa ngama. Mstari huo uongezwe: lita zilizotolewa, rangi yake, na jina la aliyezitoa. Hamilton alimsikiliza mfanyakazi wake juu ya mahali pa kuweka mdomo.

Uvujaji ukiisha kupatikana na kuzibwa, matambara yenye oili yasirundikwe pembeni, maana huweza kushika moto. Yatiwe katika debe lenye kifuniko. Boti irudishwe majini kwa mpango ule ule, kwanza injini imezimwa, kisha gatini, kisha kwa kasi, na karatasi nyeupe ziwe mahali pake. Baada ya saa kumi hivi za kazi sakafu ifunguliwe tena na bolti zikaguliwe kwa spana, kwa kuwa gasketi mpya hulala chini kidogo inapopata joto, na bolti iliyokazwa jana huwa imelegea leo.